Njia Isiyopitwa na Magari

Masomo: Yeremia 6:16, Mithali 22:28, Luka 24:13-32

 

Leo twataka kwenda mbali kidogo, mpaka mashambani mwa Ufaransa, tukafuate njia za changarawe ambazo magari hayaruhusiwi kuzipita. Huenda mtu akasema, "Kasisi, njia za baiskeli za Ulaya zatuhusu nini sisi?" Ni kweli, wengi wetu hatutazikanyaga kamwe. Kwetu baiskeli ni ya kubebea maziwa, magunia ya mkaa, na mama anayepelekwa zahanati. Lakini habari ya njia ni habari ya watu: ni nani aliyeichimba, ni nani aliyeruhusiwa kuipita, na ni nani aliyeifunga. Biblia yetu imejaa njia. Tena nabii Yeremia aliwaambia watu wasimame kwanza njiani wakaulizie zile za zamani kabla hawajaendelea na safari. Basi na sisi tusimame kidogo tuulizie.

Wafaransa wanaziita voies vertes, maana yake njia za kijani. Tangu Septemba ya mwaka 2004 zimo katika sheria yao ya barabara, na sheria yenyewe ni fupi. Njia hiyo ni ya waendao kwa miguu, ya wapanda farasi, na ya vyombo visivyo na injini. Mama anayesukuma kitoto kwenye kigari ana haki pale. Mlemavu katika kiti chake cha magurudumu ana haki pale. Lori halina. Sisi tuliozoea kuona kwamba mwenye gari kubwa ndiye mwenye barabara, na mtembeaji ni wa kurukia mtaroni, yafaa tuisome sheria hiyo mara mbili.

Mahali pengine wametia lami. Mahali pengi ni mawe yaliyosagwa, yakamwagwa, yakashindiliwa kwa rola mpaka yakashikamana. Mtu wa kwetu ataielewa mara moja njia ya namna hiyo. Wakati wa mvua ina utelezi, wakati wa kiangazi ina vumbi, na maji yasipopewa mfereji wa kando yatajichongea mfereji katikati. Siku hizi zimetengenezwa baiskeli maalum kwa ajili ya njia hizo, zenye matairi mapana ya milimita 40 hivi, yasiyojazwa upepo mwingi, ili gurudumu lisidunde juu ya kila jiwe.

Lakini njia hizi zilitoka wapi? Nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli hata kidogo. Zilitengenezwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo ikaisha.

Tuanze na reli. Mwaka 1878 na 1879 waziri wa ujenzi wa Ufaransa, Charles de Freycinet, ambaye mwenyewe alitoka katika jamaa ya Kiprotestanti, alianzisha mpango mkubwa wa kupeleka reli mpaka miji midogo iliyosahauliwa. Wakachimba milima, wakajaza mabonde, wakajenga stesheni ndogondogo za mawe. Gari moshi haliwezi kupanda mlima kwa ghafla, kwa hiyo njia yake hupanda polepole na kupinda polepole. Tukiyasoma maneno ya Isaya sura ya 40 juu ya mabonde kuinuliwa na milima kushushwa, mhandisi wa reli ndiye angeyaelewa upesi kuliko sisi wahubiri. Halafu wakaja mabasi na malori. Tangu miaka ya 1930 reli za mashambani zilianza kufungwa moja baada ya nyingine. Vyuma viking'olewa, nyasi zikaota.

Huko Burgundy, kati ya Givry na Cluny, waliichukua reli moja ya namna hiyo, wakaifanya njia ya baiskeli ya kilomita 44. Ilifunguliwa mwaka 1997, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jina hilo katika nchi ile. Inapita katikati ya mashamba ya mizabibu, na inapita chini ya kijiji cha Taizé, ambako vijana wa makanisa mengi hukutana kuomba. Kusini ya Cluny kuna handaki refu, zaidi ya kilomita moja na nusu, lililochimbwa kwa ajili ya gari moshi. Wakati wa baridi handaki hilo hufungwa, na sababu ni popo. Popo hulala humo mpaka baridi iishe, na waendesha baiskeli hupandia mlima kwa nje. Jambo hili lilitufurahisha sana. Serikali nzima kumwambia mtu, zunguka, popo wamelala!

Hata hivyo, tusiseme haleluya upesi mno. Reli inapofungwa, kuna bibi mzee kijijini aliyekuwa akipanda gari moshi kwenda sokoni na hospitali, na sasa hana la kupanda. Mgeni wa mjini anakuja Jumamosi na baiskeli yake ya bei, anasema, "Kimya gani hiki, uzuri gani huu!" Kimya hicho ndicho kilichomwacha bibi. Njia ya kijani ni jambo jema, lakini haimfikishi kwa daktari. Wanaojenga njia hizo wafanye vyema kukumbuka kwamba walizipata kwa sababu wengine walipoteza kitu.

Tuje kwenye mifereji. Kule kusini uko mfereji uitwao Canal du Midi, wa kilomita 240, unaotoka mji wa Toulouse mpaka karibu na bahari ya Mediterania. Aliyeujenga ni Pierre-Paul Riquet, na kazi ilifanyika kati ya mwaka 1666 na 1681. Riquet hakuwa mhandisi kwa kusomea. Alikuwa mtoza kodi ya chumvi. Shida iliyowashinda watu kabla yake ilikuwa maji. Mfereji unaopanda juu ya mgongo wa nchi utapata wapi maji ya kuujaza pale juu? Riquet alizunguka katika milima iitwayo Mlima Mweusi, akakusanya vijito, akajenga bwawa, akayaleta maji mpaka mahali paitwapo Naurouze, ambapo maji hugawanyika, nusu yakienda bahari ya Atlantiki na nusu yakienda Mediterania. Alitia mali yake mwenyewe katika kazi hiyo mpaka akabaki na madeni, naye akafa mwaka 1680, miezi michache tu kabla mfereji kufunguliwa. Musa naye aliiona nchi kwa macho, akiwa juu ya mlima.

Lakini jambo tunalolipenda zaidi kwa Riquet ni mishahara. Aliwalipa vibarua wake kwa mwezi, na hakuwakata siku za mvua, wala Jumapili, wala sikukuu, wala siku za ugonjwa. Huyo ni mtu wa karne ya 17! Wako waajiri leo, tena wengine huketi viti vya mbele kanisani, ambao mtumishi wa nyumbani akiugua siku tatu humkata siku tatu.

Kando ya mfereji kuna njia iliyokanyagwa na farasi waliokokota mashua kwa kamba. Farasi hawapo tena. Njia imebaki, na baiskeli zinapita, nyingine juu ya udongo na mizizi kiasi cha kutikisa meno. Miti iliyotoa mizizi hiyo, mipletani, ilikuwa zaidi ya 42,000. Tangu mwaka 2006 ilionekana kwamba kuvu inaishambulia na kuiua, nayo haina dawa. Mti ukishikwa hukatwa na kuchomwa moto pamoja na majirani zake, ili mingine isiambukizwe. Maelfu yameanguka, na mahali pake inapandwa miti ya aina mbalimbali ili ugonjwa mmoja usiweze kuimaliza yote.

Mfereji wa pili uko kaskazini-magharibi, katika nchi ya Bretagne, kutoka Nantes mpaka Brest. Huu una urefu wa zaidi ya kilomita 360, na njia yake ya kando imetandikwa mchanga na changarawe laini, mwendo wa siku nyingi bila kusikia honi. Mwenye kuipita atadhani ilitengenezwa na watu wa amani. Sivyo. Iliamriwa na Napoleon kwa sababu ya vita, maana manowari za Kiingereza zilikuwa zimeuzunguka mji wa bandari wa Brest, na meli za chakula na silaha hazikuweza kufika kwa njia ya bahari. Kazi ilianza mwaka 1811. Mfereji ulipomalizika mwaka 1842, vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha zamani na Napoleon alikuwa amekufa.

Mahali pa juu kabisa pa mfereji huo, karibu na kijiji cha Glomel, palihitaji kukatwa mlima kwa urefu wa kilomita tatu hivi, na kina chake mahali pengine ni zaidi ya mita 20. Nani angefanya kazi hiyo? Walileta wafungwa, wengine wakiwa askari waliotoroka jeshini. Walichimba kwa sururu na koleo tangu mwaka 1823 mpaka 1832, wakilala katika kambi ya mbao, kwenye baridi na matope. Hao hawakulipwa siku za mvua.

Leo watoto wanapita pale na baiskeli ndogo, wakila mkate. Isaya sura ya 2 yatuambia habari ya panga kufuliwa kuwa majembe, na pengine tunadhani hilo litafanyika kwa tarumbeta. Kule Glomel lilifanyika polepole tu: kazi iliyoanzwa kwa ajili ya mizinga ikawa ya mashua za mawe na mbolea, kisha ikawa ya watu wanaopumzika. Lakini Mkristo akipita pale asikose kuwakumbuka wale waliochimba. Majina yao hayamo katika ramani ya mtalii.

Tumesema habari ya kupumzika. Mpaka mwaka 1936 mfanyakazi wa kawaida wa Ufaransa hakuwa na likizo yenye malipo. Aliyetaka kupumzika alipumzika na njaa. Mwezi wa Juni mwaka huo ilipitishwa sheria ya kumpa kila mfanyakazi majuma mawili kwa mwaka, akilipwa. Je, walikwenda vipi kuiona nchi yao, watu wasio na magari? Wengi walikwenda kwa baiskeli. Mume na mke walipanda baiskeli moja ya viti viwili, mzigo nyuma, wakashika njia za mashambani. Wako waliouona bahari kwa mara ya kwanza kiangazi kile. Tukifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 5 tutaona kwamba Sabato haikutolewa kwa mwenye shamba peke yake. Mtumwa anatajwa, mjakazi anatajwa, mgeni anatajwa, hata ng'ombe na punda. Mungu hakumwachia tajiri aamue kama kibarua amechoka.

Sasa twafika kwenye njia za aina ya tatu, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Mbali na reli na mifereji, Ufaransa ina njia nyingi sana za mashambani za udongo na changarawe, ambazo hazikujengwa na waziri wala mfalme. Zilikanyagwa na watu wakienda kisimani, kinuni, kanisani, na kwenye shamba la mbali. Kisheria njia hizo ni mali ya kijiji, ziko chini ya baraza la kijiji, na kila mtu ana ruhusa ya kuzipita. Lakini haziko katika daraja moja na barabara kuu. Barabara kuu haiwezi kupotea. Njia ya mashambani yaweza kupotea kwa namna mbili.

Namna ya kwanza, ikiwa watu wameacha kuitumia, baraza laweza kuiuza, baada ya kuwauliza wananchi. Namna ya pili ni ya kimyakimya. Mkulima ambaye shamba lake limepakana na njia anapitisha jembe la trekta karibu kidogo mwaka huu, na karibu zaidi mwaka ujao. Mwishowe anailima kabisa, anapanda mahindi juu yake. Hakuna anayelalamika, kwa maana hakuna anayepita. Ikipita miaka 30 akiishika kama mali yake, mbele ya watu, bila mtu kupinga, aweza kwenda mahakamani na kupewa iwe yake halali. Njia waliyoipita babu za babu zao yafutwa, na hakuna aliyeiba usiku. Sheria ya mwaka 2022 iliwapa mabaraza msaada: baraza likiamua kuzihesabu njia zake zote na kuziandika, hesabu ya miaka ile husimama kwa muda wa kazi hiyo. Lakini lazima baraza liamke na kuamua.

Ndiyo sababu utawaona huko watu wazima, wengine wastaafu wenye mvi, wakizunguka siku za mapumziko na ramani za zamani mkononi na mikasi ya kukatia miiba. Wanaifungua njia, na kisha wanaipita. Kuipita ni sehemu ya ulinzi wake. Mwendesha baiskeli anayepita juu ya changarawe hiyo, hata kama anafanya hivyo kwa kujifurahisha tu, anaacha alama ya gurudumu, na alama hiyo ni ushahidi kwamba njia bado ni ya watu wote.

Mithali sura ya 22 yatuonya tusiuondoe mpaka wa zamani uliowekwa na baba zetu. Mara nyingi sisi huusoma mstari huo tukimfikiria jirani aliyesogeza ua wake akatuingilia. Hatumfikirii jirani aliyeingilia njia ya wote, kwa kuwa mali ya wote haina mwenye kulia. Wapendwa, hapa nchini kwetu vijia vya kwenda mtoni na kanisani tunavijua. Tunajua pia vilivyozungushiwa seng'enge. Mtoto anazunguka kwa barabara ya magari kwenda shuleni kwa sababu kijia cha zamani kimelimwa viazi, na aliyekilima ni mtu tunayemjua, pengine mzee wa kanisa. Ikiwa ndivyo, wazee wenzake wamwendee nyumbani kwa upole, jinsi Bwana alivyofundisha katika Mathayo sura ya 18, kabla mtoto hajagongwa.

Tena kuna habari ya mwendo. Katika Luka sura ya 24 wale wawili walikuwa wakienda Emau, mwendo wa kilomita 11 hivi, na Bwana aliyefufuka akawakaribia akafuatana nao. Walizungumza njia nzima. Mtu aendaye kwa miguu, au kwa baiskeli juu ya changarawe, huenda mwendo wa kuweza kusalimiana na mwenzake. Hivyo ndivyo walivyo huko: ukimpita mtu njiani unapunguza mwendo, unapiga kengele, unasema "Bonjour," naye anaitikia. Kule kwenye barabara kuu hakuna anayemwamkia mtu. Hatusemi magari ni dhambi. Gari la wagonjwa ni neema ya Mungu. Twasema tu kwamba nchi isiyoacha hata njia moja kwa ajili ya waendao polepole imewasahau watoto, wazee na maskini.

Na sisi Waprotestanti tunayo sababu nyingine ya kuziheshimu njia ndogo za Ufaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14, yule yule ambaye Riquet alimchimbia mfereji, alifuta amri iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Makanisa yao yakabomolewa. Wengi walikimbia nchi, na Waingereza waliwapa baadhi yao mahali pa kuabudia chini ya Kanisa Kuu la Canterbury. Waliobaki walikutana porini na katika mabonde ya milima ya Cévennes, usiku, wakienda kwa vijia ambavyo askari wa mfalme hawakuvijua. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1787, zaidi ya miaka 100. Wachungaji waliokamatwa walinyongwa.

Mwendesha baiskeli anayeufuata mto Rhône kuelekea baharini, kwa njia ndefu ambayo sehemu zake nyingi hazina magari, aweza kupinda mpaka mji wa Aigues-Mortes, wenye kuta za kale na mnara mnene wa mawe. Katika mnara huo alifungwa Marie Durand, msichana wa miaka 19, mwaka 1730. Ndugu yake Pierre alikuwa mchungaji, akanyongwa mwaka 1732. Marie angetoka siku yoyote kama angesema neno moja la kuikana imani yake. Hakulisema. Alikaa mle pamoja na wanawake wenzake, akiwaandikia watu barua za kuwaombea wenzake chakula na nguo, kwa miaka 38. Katika jiwe la sakafu limechongwa neno moja la Kifaransa ambalo maana yake ni kupinga, kukataa kushindwa, na watu husema ni mkono wake. Alifunguliwa mwaka 1768, akarudi nyumbani kwao katika milima ya Vivarais, akaishi huko mpaka mwaka 1776.

Kutoka chini ya kuta hizo njia ya baiskeli inafuata mfereji mpaka Le Grau-du-Roi, kilomita chache tu, tambarare, na upepo wa chumvi ukivuma usoni. Ukigeuka nyuma, mnara unaonekana karibu safari nzima.

Bwana awabariki na kuwalinda, ninyi nyote mtakaosafiri leo. Amina.